Dawa ya Chuma kwenye Kikombe cha Chai

Kwa miezi minne, kila Jumanne na kila Ijumaa, niliwafundisha akina mama kuiharibu dawa ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimewapa. Niliwafundisha kwa upole, nikarudia mpaka kila mmoja akaelewa. Walinishukuru. Wengine waliniletea viazi.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi ya zahanati, mnaopima watoto na kugawa dawa. Mna vitabu vingi kuliko vile tulivyokuwa navyo, na dawa zenu zina ladha ya matunda. Lakini kosa langu nililifanya nikiwa na dawa ya kutosha na nia njema, kwa hiyo hata nyinyi mnaweza kulifanya.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kule Dundori juu ya Nakuru, wakati mashamba yale yalikuwa bado ya wazungu na watu wetu waliishi katika kambi za wafanyakazi. Mimi nilikuwa dresa. Dresa alifunga vidonda, akadunga sindano, akagawa dawa na kuandika rejista. Akina mama walimwita daktari, kwa sababu daktari mwenyewe alikuwa mjini Nakuru na hakuna aliyemwona. Nilikuwa mtoto wa fundi wa reli, nimezaliwa katika nyumba za reli hukohuko Nakuru, na wazazi wangu walitoka magharibi. Baridi ya Dundori ilinitesa. Asubuhi nilikuwa naiweka chupa ya dawa karibu na jiko la makaa kwanza, ndipo niweze kuishika.

Dawa ya kuongeza damu ililetwa na lori la viazi. Lilishuka Nakuru limejaa na likapanda likiwa tupu, kwa hiyo dereva hakuona taabu kunibebea. Ilikuja katika chupa kubwa za kahawia, maji ya kijani hafifu, na kila mama alileta chupa yake ya kutilia. Nimejaza chupa za soda, chupa za mafuta ya nywele, na siku moja chupa ya pombe ya mzungu yenye picha ya farasi. Nilikata ukanda wa karatasi wenye meno kama msumeno, nikaubandika ubavuni mwa chupa, kila jino dawa ya siku moja. Mama asiyejua kusoma aliuangalia ukanda ule na kujua amefika wapi. Chupa ilikaa juu karibu na paa, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti, maana dawa hiyo mtoto akiinywa yote kwa mara moja inaweza kumuua. Hilo niliwaambia wote, na hilo sikulikosea.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Barnaba, mchanganyaji wa dawa pale Nakuru. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alitulazimisha kuonja kila dawa ya watoto kabla ya kuigawa.

"Onja, kijana."

"Mzee, ni chungu."

"Ala! Kumbe? Na yule wa mwaka mmoja unafikiri ulimi wake ni wa mbao?"

Dawa ya chuma ina ladha ya msumari ulioshika kutu. Ukiionja asubuhi, hata ugali wa mchana utakuwa na ladha ya msumari.

Mzee Barnaba alinifundisha kushusha kope la chini la mtoto na kuangalia ndani, kisha kiganja, kisha ulimi. Alinifundisha pia namna ya kuuliza. "Usimuulize mama kama mtoto wake anakula udongo," alisema. "Atakataa, ataona unamtukana. Muulize mtoto anapenda udongo wa wapi." Niliuliza hivyo miaka yote, na akina mama walijibu bila kusita: wa ukutani, wa kichuguu, ule mwekundu wa kando ya barabara. Mtoto mweupe ndani ya kope, mchovu, anayelamba ukuta, huyo mara nyingi damu yake imepungukiwa na chuma.

Jambo moja nilijifunza kwa aibu. Dawa hii hugeuza choo cha mtoto kuwa cheusi. Mwanzoni nilisahau kumwambia baba mmoja. Siku ya tatu akaja mbio kutoka shambani, amekifunga choo chenyewe ndani ya jani la kabichi, akakiweka mezani kando ya kikombe changu.

"Daktari, mtoto anaoza ndani! Angalia!"

Niliangalia. Nilimweleza. Chai yangu niliimwaga. Tangu siku hiyo kila mama aliyepewa chupa alisikia maneno haya kutoka kwangu: "Ukiona nyeusi, usiogope. Nyeusi ni chuma." Nililisema hilo kama wimbo, mpaka waliokuwa kwenye benchi wakawa wanalimalizia kabla yangu. Niliona nimefanya kazi safi.

Shida iliyobaki ilikuwa ladha. Watoto waliitema. Walifunga midomo, wakapiga mateke, wakatapika juu ya kanga za mama zao. Mama akihangaika hivyo siku tatu, ya nne anaiacha chupa ikae. Mimi nilikumbuka kwamba mama yangu, kule kwenye nyumba za reli, alikuwa akinipa kwinini ndani ya chai yenye sukari nyingi. Nikasema, kwani hii ina tofauti gani?

"Changanyeni na chai," nikawaambia. "Chai ya maziwa, sukari kidogo. Hatajua."

Ilifaulu mara moja. Vilio vilikwisha. Chupa zilirudi tupu siku ileile ukanda wa karatasi ulipoonyesha. Kule kambini nikapewa jina, Daktari wa Chai, na sikulikataa. Hata sikumwandikia Mzee Barnaba. Niliona ni ujanja wangu mdogo, na labda nilitaka ubaki wangu.

Sasa nifike kwa Rael.

Rael alikuwa mke wa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la maziwa lililokuwa karibu nasi. Watu wake ni Wakalenjin, watu wa maziwa. Mtoto wake, Kiprono, alikuwa na mwaka mmoja na nusu, mnene wa mashavu, rangi ya majivu. Hakuwa akilia. Alikaa mahali alipowekwa, akavuta pumzi haraka haraka kama aliyetoka kukimbia, na mkono wake ukachezea ukuta.

"Anakula nini?" nilimuuliza Rael mara ya kwanza.

"Maziwa."

"Na nini kingine?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Maziwa, daktari. Asubuhi, mchana, jioni. Mtoto wangu hana njaa. Sisi hatulishi watoto majani kama nyinyi watu wa reli."

Benchi zima lilicheka, nami nikacheka. Lakini nilimtoboa mtoto kidole. Tulikuwa na kijitabu chenye karatasi nyeupe za kunyonya na ukurasa wenye vipande vya rangi, kutoka nyekundu iliyokolea mpaka waridi hafifu. Tone la damu unaliweka kwenye karatasi, linakauka kidogo, unalilinganisha. Tone la Kiprono lilikuwa karibu na mwisho, upande wa waridi. Nilimpa Rael chupa na maelezo yangu yote, pamoja na chai. Nikamwambia baada ya wiki sita ataona mtoto mwingine.

Wiki sita zilipita. Tone lilikuwa palepale. Niliweka la pili kwenye karatasi nyingine, nikalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Palepale. Na miguu ya mtoto ilikuwa imeanza kuvimba kidogo. Nilibonyeza kwa kidole na shimo likabaki.

Nawaambia nilichofanya bila kukipamba. Nilitoka nje, mbele ya benchi lililojaa wanawake, nikamsukumia Rael chupa mpya, nikamwambia, "Dawa humpi. Unaimwaga. Mtoto anakufa na wewe unaniletea chupa tupu ili nione umemaliza."

Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, Mama Gathoni, mama mtu mzima aliyewahi kufanya kazi ya kubandua maganda ya miwati, ile miti ambayo maganda yake hutumika kulainisha ngozi, akasema polepole, "Daktari, hapo umezidi." Nikamwambia anyamaze, zamu yake haijafika.

Ijumaa iliyofuata Rael alikuwa wa kwanza. Alikuja na Kiprono mgongoni, birika la chai lililofungwa kwa kipande cha blanketi lisipoe, kikombe cha bati, kijiko, na ile chupa mpya niliyompa siku ya kumtukana. Alipanga vyote kwenye benchi, wenzake wakasogea kumpa nafasi.

"Daktari, ulisema namwaga."

"Mama Kiprono, ingia ndani tuongee."

"Hapana. Ulinisemea hapa, utaangalia hapa." Akamimina chai. "Hii ni chai. Umeona? Hii ni kijiko. Nimejaza? Haya." Akatia dawa, akakoroga.

Chai ilibadilika macho yetu yakiiangalia. Ule wekundu wa chai ya maziwa ulizama, ukapanda ukijivu, kisha rangi kama ya maji yaliyooshea sufuria yenye masizi. Kijiko kilipotoka, kilikuwa na mstari mweusi.

"Huwa inakuwa hivyo?" nikauliza.

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe si ulisema nyeusi tusiogope? Nyeusi ni chuma." Na benchi, kwa mazoea, likalimalizia pamoja naye.

Mama Gathoni alikuwa amesimama, shingo ameirefusha juu ya kikombe. "Ee, hiyo naijua," alisema. "Hiyo ni panga ya miwati. Ukikata maganda na panga, maji ya ganda yanashikana na chuma, panga inakuwa nyeusi tii, na mikono. Huoshi ikatoka. Yakishashikana, yameshikana."

Yakishashikana, yameshikana. Ikiwa chai ina kitu kama kile cha maganda ya miwati, na kitu hicho kinaishika dawa ndani ya kikombe, basi inayofika tumboni kwa mtoto ni nini? Nilimwomba Rael asimpe Kiprono chai ile. Nikamwomba pia msamaha, lakini nilimwomba kwa sauti ndogo, na yeye akasema, "Sema wasikie." Nikasema wakasikia.

Mchana ule nilipanda lori la viazi, nikakaa juu ya magunia mpaka Nakuru. Mzee Barnaba nilimkuta akichuja dawa. Nilimwambia yote. Mwanzoni alicheka.

"Chai! Kijana, wewe umekuwa ukitengeneza wino! Chai ikikishika chuma, mwili haukipati tena. Nani alikuambia uweke chai?"

"Mimi mwenyewe, mzee."

"Watoto wangapi?"

Nilikuwa nimeiandika orodha nikiwa juu ya magunia, kwa kumbukumbu. Nilimpa. Alisoma akaacha kucheka, akavua miwani, uzi ukamning'inia sikioni. "Mimi sikukuambia," alisema baadaye. "Nilikuambia inatia meno weusi, nilikuambia choo, nilikuambia sumu. Chai sikutaja, maana sikufikiri kuna mtu ataiweka." Kisha akanikalisha, akanifundisha upya.

Yale aliyonifundisha bado ni kweli, kwa hiyo yachukueni. Dawa ya chuma mpe mtoto kwa maji safi, na kama kuna ndimu au chungwa, ni vizuri zaidi. Chai na maziwa vikae mbali nayo, saa moja au mbili. Kijiko kiingie kando ya shavu, nyuma kidogo, si juu ya meno, halafu maji ya kusuuza. Tumbo likimsumbua, ale kwanza. Na rangi ikirudi msiache. Endeleeni kwa miezi kadhaa kama mlivyoagizwa, maana mwili unahitaji kuweka akiba. Kuhusu Kiprono alikuwa mkali: "Dawa peke yake haitoshi. Mtoto anayeishi kwa maziwa matupu hana mahali pa kupatia chuma. Tumbo limejaa maziwa, chakula kitaingilia wapi? Punguza maziwa. Na miguu ikizidi kuvimba, au pumzi ikizidi, usisubiri lori la viazi. Simamisha gari lolote, umlete."

Ile ya wino ilikuwa rahisi kuwaeleza akina mama, kwa sababu walikwisha kuiona. Ile ya maziwa ilikuwa vita. Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwa Rael, maana sikuwa na uso wa kumwita tena kwenye benchi langu. Mama mkwe wake alikuwepo, amekaa karibu na moto.

"Unataka nimnyime mtoto maziwa?" Rael aliuliza. "Maziwa? Watu wakisikia watasema nini? Mke wa mkamuaji, mtoto wake hanywi maziwa?"

"Atakunywa. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Katikati ale. Maharagwe yaliyopondwa, mboga za kienyeji, maini mkipata."

"Majani," akasema Rael.

"Majani," nikakubali.

Mama mkwe akacheka akanyoosha mkono, akaomba chupa aione. Alinusa, akatia tone ulimini, akalitafuna kwa muda kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu. "Hii ni damu," alisema. "Ladha yake ni ya damu. Zamani tuliwapa watoto damu ya ng'ombe, tukachanganya na maziwa. Watu wa kanisa wakatuambia tuache, ni ushenzi. Tukaacha. Sasa wamemtuma huyu atuuzie kwa chupa."

"Siuzi, gogo," nikamwambia, nikitumia neno lao la bibi. "Ni bure."

"Basi leta nyingine."

Bibi ndiye aliyeimaliza vita. Yeye ndiye aliyeponda maharagwe, yeye akamshika Kiprono mapajani huku Rael akipitisha kijiko kando ya shavu. Nilipita kila siku ya pili kwa baiskeli. Wiki ya kwanza nilibonyeza miguu na shimo lilibaki, nikalala vibaya. Wiki ya pili shimo lilikuwa dogo. Wiki ya tatu niliposhusha kope lake aligeuka akaning'ata kidole, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Rael alishika mdomo. "Analia!" akasema. "Gogo, sikia, analia!" Wiki ya sita tone lake lilikuwa limepanda vipande viwili kwenye ule ukurasa wa rangi, nami nilimwonyesha Rael, nikampa kile kijitabu akishike mwenyewe. Aliipeleka karatasi mlangoni kwenye mwanga, kama mimi, akaitazama muda mrefu. "Sasa chukua hiyo orodha yako ya watoto wa chai," akaniambia, "uende ukawatafute wale wengine."

Nilikuwa nimeshaanza. Watoto waliopewa dawa kwa chai walikuwa kumi na wawili, Kiprono akiwemo. Wengi walikuwa na afadhali kuliko yeye, kwa sababu walikula na vitu vingine, na wachache waliitema chai wakaokoka kwa ukaidi wao. Nilienda kambi kwa kambi na baiskeli, na kila mahali ilibidi niseme lilelile: nilikosea, si wewe uliyekosea. Nilishangaa jinsi lilivyo gumu kutoka mdomoni, na jinsi lilivyokuwa jepesi kwao kulipokea. Mmoja alinipa uji. Mwingine alisema, "Basi hata daktari hujifunza," akaenda kuteka maji. Katika kambi mbili nilikuta akina mama nisiowafahamu, nao wakitia dawa kwenye chai, wamegawiwa dawa na kufundishwa na majirani zao. Nao nikawaambia.

Kumi na mmoja niliwapata. Wa kumi na mbili alikuwa mtoto wa miaka miwili, Wambui, na mama yake Wangari alikuwa mchumaji wa maua ya pareto. Nilipofika kambi yao nyumba zilikuwa tupu, milango wazi, kuku mmoja akizunguka. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, na watu walipakiwa kwenye malori bila kuulizwa. Nyapara aliniambia wamepelekwa upande wa Molo. Mlinzi akasema hapana, wamerudishwa kwao, jimbo la Central. Niliandika barua kwa dresa wawili wa upande wa Molo, nikaeleza habari ya chai na jina la mtoto. Mmoja alijibu kwamba hamjui. Wa pili hakujibu. Likizo yangu ya mwaka ule niliimalizia Molo, nikiulizia katika kambi za pareto, kwenye mvua, na watu walinitazama kwa mashaka kwa sababu mtu aliyekuwa akitafuta watu siku zile hakuwa mtu wa kuaminiwa. Wangari wengi, Wambui wengi. Sikumpata.

Sasa nakaa Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru, na bado sijui. Siku ile niliyompa Wangari dawa alikuwa ametembea tangu asubuhi, na chupa yake aliiosha kwa maji ya moto mpaka ilikuwa inang'aa. Alikuwa mama makini. Kabla ya kutoka mlangoni alirudia maelezo yangu mara mbili, kijiko, sukari, chai ya maziwa, bila kukosea hata neno moja.